Niliandika "Amehama"

Kazi niliipata kwa sababu ya Kiswahili changu. Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, nikalelewa na nyanya, na nilipopanda basi kwenda Nairobi kutafuta riziki sikuwa na cheti kikubwa wala mtu wa kunishika mkono. Nilikuwa na ulimi tu. Mwaka 2006 mradi mmoja wa utafiti wa dawa ya watoto, ambao sitautaja jina, ulikuwa unatafuta mtu wa kuwaeleza akina mama wa mtaa wa mabanda yaliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Daktari mkuu wa mradi, mama wa makamo, alinisikiliza dakika chache, akacheka, akasema kwa Kiswahili kama hicho mtu anaweza kuuziwa mchanga akalipa. Nilifurahi sana. Leo nikiyakumbuka maneno yale naona aliyasema yote siku ile, na sisi wawili hatukusikia.

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ilisema kwamba huu ni utafiti, si matibabu ya kawaida. Kwamba dawa mpya inalinganishwa na dawa iliyozoeleka, na bado haijulikani ipi ni bora. Kwamba mama anaweza kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, na mtoto wake ataendelea kutibiwa kama watoto wengine. Kisha madhara yanayoweza kutokea, ukurasa mzima na nusu. Kwenye mafunzo tuliambiwa kusoma, kueleza na kujibu maswali huchukua kama dakika arobaini na tano. Mwezi wa pili nilikuwa namaliza kwa dakika kumi. Wa nne, dakika sita.

Niseme wazi kwamba hakuna aliyeniamuru kufanya haraka. Ofisini kulikuwa na chati ukutani yenye vijiti vya rangi, kila kliniki na kijiti chake, na cha kwetu kilikuwa kifupi. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi sita sita. Hayo yalitosha.

Nilianza kwa kuyapanga maneno upya. Badala ya kuanza na utafiti nilianza na nauli: mama, kila ukija tutakurudishia nauli, mtoto ataangaliwa, dawa hulipi. Akishalainika ndipo ninapoyataja madhara, kwa pumzi moja, kama wale wa redio wanaposema vigezo na masharti kuzingatiwa. Ikafika mahali mama hajui tena anachokubali, anajua tu kwamba kuna dada mmoja mwenye sauti nzuri anayemtakia mema. Wao waliniita daktari. Sikuwa daktari, sikuwa hata muuguzi, na sikumsahihisha hata mmoja.

Halafu kulikuwa na "bahati nasibu". Mtoto haingii kundi la dawa mpya au la dawa ya zamani kwa kuchaguliwa na mtu. Bahasha iliyofungwa inafunguliwa mbele ya mama, na kilichoandikwa ndani ndicho kinachofuatwa. Aliyetafsiri fomu aliandika kwamba mtoto "ataingizwa kwenye kundi kwa njia ya bahati nasibu". Kwa kamusi hakukosea. Lakini nenda ukaseme bahati nasibu kwenye mtaa ambako kila kioski kina tiketi za kukwaruza. Nyuso zilichangamka. Kuna mama aliyeipokea bahasha kwa mikono miwili, akafumba macho kwanza kama anayeomba dua. Mwingine, muuza mandazi, alinitazama nilipoifungua akauliza, "Nimeshinda?"

Nikamjibu, "Umeshinda, mama."

Asiyejua kusoma alitia kidole, na sheria ya mradi ilitaka awepo shahidi asiye mfanyakazi wetu, asikie maelezo yote, ndipo atie sahihi. Kumpata mtu wa nje wa kukaa dakika arobaini na tano si rahisi. Basi nikamtumia mzee aliyelinda lango la kliniki. Hakuwa wetu, aliajiriwa na wenye jengo, kwa hiyo kwa maandishi alifaa. Kila Jumatatu asubuhi nilimnunulia chai, naye akanitilia sahihi fomu ishirini zisizo na jina la mtu. Baadaye niligundua alidhani anashuhudia kwamba karatasi zimefika salama kutoka mjini.

Nyanya yangu alitulea kwa hadithi za mumiani. Ukiwa mtu wa Pwani unazijua: gari linalopita usiku taa zimezimwa, watu wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu ili ikatengenezwe dawa. Mtaani tulikofanya kazi nako kulikuwa na minong'ono ya aina hiyo. Ati vichupa vya damu tunavyovitoa kwa watoto vinauzwa ng'ambo. Saa ya chai mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kuwasimulia wenzangu habari za mumiani, kwa sauti ya nyanya na mikono yake, nao wakacheka mpaka machozi. Tuliwacheka na akina mama wale, ingawa hatukusema kwamba ndio tunaowacheka.

Sasa nifike kwa namba 47. Ndiye yule muuza mandazi. Mwanawe alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alikuja mara mbili, ya tatu hakuja. Utaratibu ulikuwa mtu asipotokea umfuate nyumbani ndani ya siku mbili, ujue kuna nini. Siku hizo mvua ilikuwa imekesha ikinyesha, njia ya kushuka kwenye mabanda ilikuwa tope tupu, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Nilikaa mezani, nikalivuta daftari, na kwenye safu ya sababu nikaandika neno moja: "Amehama".

Neno hilo niliandika mara saba mwaka ule. Mara mbili lilikuwa kweli.

*

Pasaka ya mwaka 2007 nilikwenda kukaa na binamu yangu Buruburu. Alikuwa amenunua mjini diski moja yenye filamu sita, zile za kichochoroni, na mojawapo ilikuwa The Constant Gardener. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2005, na mwaka uliofuata Rachel Weisz alipata Oscar kwa kuigiza humo. Lakini sisi hatukuifuata Oscar. Tulisikia Nairobi imo, tukataka kuiona. Kweli imo: mwongozaji wake, Fernando Meirelles wa Brazili, aliwapeleka waigizaji Kibera kwenyewe, na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Nusu saa ya kwanza hatukufuata hadithi, tulikuwa tunapiga kelele, "Hapo ni reli! Hapo napajua!"

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. Justin ni mwanadiplomasia wa ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, mpole, mpenda bustani, mtu asiyetaka ugomvi. Mkewe Tessa ni mgomvi wa haki. Anagundua kwamba dawa mpya ya kifua kikuu inajaribiwa kwa maskini wa mabandani, kwamba inaua, na kwamba kampuni inayoitengeneza na ile inayoijaribu zimekubaliana kuficha vifo kwa sababu kuirekebisha dawa kutachelewesha mabilioni. Wakubwa wa serikali yake wanajua. Tessa anauawa karibu na Turkana, na mume anaiacha bustani yake na kufuata nyayo za mke, kutoka Nairobi hadi London, Berlin na Sudan. Kampuni na dawa vyote ni vya kubuni, kutoka riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001, na le Carré aliwahi kuwa jasusi, kwa hiyo njama alizijua.

Nilikaa upande wa Tessa tangu mwanzo, kama kila mtu. Niliwachukia wale mabwana wa kampuni kwa raha kabisa. Kumchukia mtu tajiri kwenye skrini, mguu umeuweka juu ya stuli, ni jambo tamu.

Kisha likapita jambo ambalo filamu yenyewe hailipigii kelele. Watu wa mabandani wanaelewa kwamba asiyeikubali dawa ya majaribio hatapata matibabu mengine. Wanakubali. Na msichana mmoja, Wanza, akishakufa kwa dawa hiyo, jina lake linaondolewa, kana kwamba hakuwahi kulazwa. Kwenye kumbukumbu hayumo. Binamu yangu alikuwa amekwenda jikoni kusonga ugali. Mimi nilibaki nimeshika rimoti, na mbele yangu hakukuwa na Wanza tena. Kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, wino wa buluu, herufi za kupendeza: Amehama.

Kuna sehemu nyingine niliyoirudisha mara mbili. Mdogo wake Wanza anarudi nyumbani kwa miguu, amebeba kichanga cha marehemu, safari ndefu. Tessa, ambaye mtoto wake mwenyewe amezaliwa mfu siku hizo hizo, anamsihi mumewe asimamishe gari wawape lifti. Justin anakataa kwa upole: wenye shida ni mamilioni, huwezi kujiingiza katika maisha ya wote. Tessa anamwambia hawa hapa ndio wanaoweza kuwasaidia sasa hivi. Gari linapita. Mbele sana, mke ameshazikwa, Justin yumo ndani ya ndege ya msaada huko Sudan, kambi imevamiwa, na anamwomba rubani amchukue mtoto mmoja wa kike. Anayatumia maneno ya mkewe. Rubani anamjibu kwa hoja ile ile ambayo yeye mwenyewe aliitumia garini. Mtoto anashuka mbio, anakimbia peke yake.

Nililia, na binamu yangu akadhani ni filamu. Yeye hakuipenda. "Kwani sisi humu kazi yetu ni kufa tu?" aliuliza, na sina jibu la kumpa hata leo, ni kweli kwamba Wazungu wawili ndio wanaofikiri na kuamua, na watu wetu wengi wanapita mbele ya kamera wakiwa wagonjwa au wazuri wa sura. Lakini lililonikaba mimi ni jingine. Filamu ina mabwana wa kampuni, ina mabalozi, ina wauaji wa kukodiwa. Haina mtu wa kibweta cha wino. Yule anayeshika mkono wa mama, anakibonyeza kidole gumba chake, anakipeleka kwenye karatasi na kusema asante mama, anayefuata. Niliitafuta sura yangu filamu nzima sikuiona. Na bila mtu huyo njama yote isingefika mtaani.

Usiku sikulala, na asubuhi nilikuwa nimeshajitetea vizuri. Mradi wetu hauna mauaji. Dawa yetu imepitiwa na kamati ya maadili. Madaktari wetu ni watu wema. Yote hayo yalikuwa kweli, na ni haki niyaandike hapa. Sikuwahi kusikia kwamba dawa ile ilimuua mtoto yeyote. Ubaya wa utetezi wangu ni kwamba ulijibu mashtaka ambayo hakuna aliyenishtaki. Viatu vyangu vipya haukuvigusa.

Ningependa kukuambia kwamba Jumanne nilikwenda moja kwa moja kumtafuta namba 47. Sikwenda. Mwezi Juni mkataba ulikuwa unaisha. Nilisubiri kwanza nitie sahihi mkataba mpya, nikatia, nikapokea mshahara, ndipo nikaanza kuhesabu siku za ujasiri ambazo hazikuja. Kama wewe nawe kazi yako ni kushika kalamu huku mtu mwingine ameshika mtoto, unaijua hali hiyo. Unangoja kesho itakayokuwa nyepesi.

*

Nilikwenda Jumamosi moja, bila koti la mradi wala kitambulisho. Sikulazimika kuuliza njia. Mama alikuwa pale pale anapouzia siku zote, karai juu ya jiko, na mtoto kando yake anatafuna ukoko wa mandazi. Yu hai, nikajisemea. Miguu iliniishia nguvu, nikaegemea nguzo ya kibanda cha jirani.

"Daktari! Karibu." Akanipangusia kopo la rangi lililogeuzwa chini juu nikae. "Mimi nilidhani mmenifukuza."

Nilimuuliza kwa nini aliacha kuja. Aligeuza mandazi kwanza, moja moja. Kisha akanieleza kwamba baada ya dozi ya pili mtoto alitokwa na vipele mwili mzima, akatapika siku mbili. Alifikiri kuja kliniki. Lakini nauli tuliyompa alikuwa ameshanunulia unga, akaogopa kwamba akilalamika atadaiwa airudishe. Na kulikuwa na jambo lingine.

"Wewe uliniambia nimeshinda," akasema. "Nikaona aibu kusema zawadi imemuumiza mtoto."

Nimeshafanya kazi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia makosa yangu yakisomwa mbele za watu wenye shahada, na hakuna aliyewahi kuyataja kwa ufupi kama alivyoyataja yeye. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayemwomba mwenzake radhi.

Nikamwambia mimi si daktari. Nikamwambia hakuwa ameshinda chochote, kwamba kilichomo kwenye bahasha ile hakikuwa zawadi, kwamba nauli haidaiwi, kwamba alikuwa na haki ya kuja siku ile ile kupiga kelele. Nikamwambia nilichokiandika daftarini. Neno "amehama" lilimchekesha. Alitazama karai, akatazama jiko, akasema, "Nimehama kwenda wapi na mzigo huu?" Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alinipa mandazi mawili ndani ya kipande cha gazeti na akakataa pesa yangu. Niliyala nikipanda ule mteremko, na yalikuwa magumu kumeza.

Jumatatu nilimweleza daktari mkuu, yule aliyenisifu Kiswahili. Nilimweleza yote: dakika sita, mzee wa lango, mara saba za "amehama", vipele ambavyo havikuandikwa popote. Vipele hivyo ndivyo vilivyomfanya asimame. Mradi mzima ulikuwepo ili kujua mambo kama hayo, na mimi nilikuwa nimelifuta moja kwa neno moja. Alikaa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Nilikuwa nimekuja na barua ya kuacha kazi mfukoni, nikaiweka mezani. Akairudisha upande wangu bila kuifungua.

"Nikikufukuza wewe," akasema, "nitabaki na wale ambao hawajaniambia."

Siku hiyo hiyo aliiandikia kamati ya maadili. Usajili wa watoto wapya ulisimamishwa wiki saba. Kijiti chetu kwenye chati kilifutwa, ikabaki alama ya penseli. Watano niliowahamisha kwa kalamu tulikwenda kuwatafuta, na wote watano walikuwepo, hakuna aliyekuwa amekwenda hata mtaa wa pili. Mzee wa lango alipoelezwa maana ya sahihi zake aliniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "ungeniambia ninashuhudia nini, ningekaa nikasikiliza. Mimi mchana kutwa nakaa." Aliendelea kuipokea salamu yangu kila asubuhi. Chai hakuipokea tena.

Mimi niliondolewa kwenye fomu, nikapelekwa stoo kuhesabu chupa. Miezi mitatu. Wenzangu wawili waliacha kusema nami, na siwalaumu, kwa sababu fomu zao nazo zilifunguliwa. Kuhesabu chupa ni kazi njema kwa mtu aliyezoea kusema sana.

Ndipo tukarudishwa darasani wote, madaktari kwa wahudumu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, linaloeleza wajibu wa madaktari wanaofanya utafiti kwa binadamu, nilikuwa nimelisoma kabla, kwa ajili ya mtihani. Safari hii mwalimu alianza na Kano, Nigeria. Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo ililipuka huko, na kampuni ya Pfizer ikaenda kuijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto 200 waliokuwa hospitalini: mia walipewa Trovan, mia dawa iliyozoeleka. Watoto 11 walikufa, watano waliotumia dawa mpya na sita waliotumia ile nyingine. Kampuni ilishikilia kwamba kilichowaua ni ugonjwa, na kwamba wazazi walielezwa kwa mdomo. Wazazi walisema hawakujua kama ni jaribio. Mwishoni mwa mwaka 2000 gazeti la Washington Post lilifichua habari hiyo, na miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni barua ya kuidhinishwa na kamati ya maadili ya hospitali, yenye tarehe ya wakati ambapo hospitali haikuwa na kamati hiyo. Baadaye, mwaka 2009, kampuni ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75, bila kukiri kosa.

Wengi huihusisha filamu ile na Kano, kwa kuwa riwaya ilitoka wiki chache tu baada ya habari ile ya gazeti. Mimi mawazo yangu yalikuwa bado kwenye ile barua ya kamati. Karatasi iliyotangulizwa au kucheleweshwa tarehe ili ionekane mtu fulani alikuwepo, akasikia, akaridhia. Nilizijua karatasi za aina hiyo. Nilikuwa nazitengeneza ishirini ishirini, kwa bei ya kikombe cha chai.

Mwalimu akaongeza kwamba mwaka 2003 Kano ilisimamisha chanjo ya polio, uvumi ukisema chanjo imetiwa sumu ya kuwafanya watoto wa kike wawe tasa. Uvumi haukuwa kweli, na polio ikaenea tena, ikavuka mipaka. Darasa lilitikisa vichwa kuwasikitikia watu wajinga. Mimi nilimkumbuka nyanya. Sijaanza kuamini mumiani, tafadhali nielewe. Damu ya mtu haitengenezwi dawa usiku kwenye gari. Lakini watu waliosimulia habari zile walikuwa wameshaona kitu: wageni wenye makoti, haraka yao, na mwili wa maskini ukichukuliwa kipande bila maelezo. Hawakuwa na filamu. Walikuwa na mumiani. Nami nilikuwa nimezifanya habari hizo mchezo wa kuchekesha watu saa ya chai, huku kwenye droo yangu kuna kibweta cha wino.

*

Waliponirudisha kwenye fomu nilipewa msimamizi wa kukaa nyuma yangu. Akina mama wote waliitwa upya, mmoja mmoja. "Bahati nasibu" tulilitupa. Mahali pake tuliweka kikombe na maharagwe mawili, moja jekundu na moja jeupe: mama anafumba macho, anachota, kisha yeye ananieleza mimi nini kingetokea kama angechota lile jingine. Asipoweza kueleza tunaanza tena. Siku ya kwanza nilimaliza akina mama wanne tu, sauti ikakauka.

Namba 47 alikuja Alhamisi, amevaa leso ya kutokea, mtoto mgongoni. Mwanawe hangepewa dawa ile tena. Tulichohitaji ni ruhusa yake ya kumfuatilia mtoto mwaka mzima na kuzitumia taarifa zake. Nilimsomea kurasa zote. Nikafika kwenye madhara nikaenda polepole zaidi, na alipovisikia vipele vikitajwa alinitazama, nami sikuangalia pembeni. Shahidi alikuwa mwalimu wa shule ya watoto wadogo, jirani yake, aliyemchagua mwenyewe.

Aliuliza maswali ambayo kwenye mafunzo hatukuyaona. Damu hiyo inakaa wapi usiku? Dawa ikiwa nzuri, itauzwa bei gani hapa mtaani? Na nyinyi, kila mmoja wenu, mnapata nini? La mwisho nililijibu kwa kumtajia mshahara wangu. Msimamizi alikohoa nyuma yangu.

Ilikuwa imepita karibu saa nzima. Nilimsogezea fomu na kibweta cha wino, nikamwambia achukue muda wake, anaweza kwenda nyumbani akafikirie.

"Nimeshafikiri," akasema. "Hapana. Sitaki."

Katika muda wote niliofanya kazi hiyo, mamia ya akina mama, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno hilo. Nililiandika. "Amekataa." Mkono ulitetemeka kidogo, herufi hazikupendeza. Nikamwita muuguzi amwangalie mtoto kifua, kwa sababu alikuwa anakohoa tangu walipoingia, naye akampokea kama mtoto mwingine yeyote aliye kwenye foleni.

Mama alisimama, akakaza leso, akakitazama kile kibweta ambacho kilikuwa bado kimefunguliwa mezani.

"Hicho," akaniuliza, "leo hukitaki kidole changu?"

Nikamwambia hapana, mama. Nikakifunika.